PEPTIDI ZA SHABA: KIDONDA KISIGEUZWE SOKO LA UREMBO





Kwa muda sasa tumekuwa tukiulizwa juu ya vichupa vya maji ya buluu vinavyouzwa kwa jina la "peptidi za shaba". Vinauzwa saluni, vinauzwa katika makundi ya simu ya kina mama, na vinapitishwa mkononi baada ya darsa na harusi. Mwanzoni vilisifiwa kwa kuondoa makunyanzi na kuifanya ngozi ing'ae. Hilo tulilinyamazia, kwani mtu na pesa yake na uso wake. Lakini sasa maneno yamebadilika. Muuzaji anasema chupa hiyo hiyo inaponya kidonda sugu, inafunga mshono wa operesheni, na inatibu kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari "bila kwenda hospitali".

Hapa hatuwezi kunyamaza. Krimu ya uso isipofanya kazi, aliyeinunua amepoteza pesa. Kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari kikicheleweshwa wiki tatu kwa kupakwa maji ya urembo, mgonjwa anaweza kupoteza mguu, na mara nyingine uhai. Tunaandika makala hii kupinga biashara hiyo, na tutaipinga kwa hoja. Hatutaipinga kwa matusi wala kwa kutisha watu.

TUANZE NA UADILIFU: KITU CHENYEWE NI CHA KWELI

Wapo watakaodhani tutasema peptidi za shaba ni uongo mtupu. La hasha. Anayepinga uongo wa mwenzake hana ruhusa ya kutunga wa kwake.

Mwaka 1973 mtafiti wa Marekani, Loren Pickart, pamoja na mwenzake M. Michael Thaler, walichapisha habari za kitu kidogo walichokipata katika damu ya binadamu. Kitu hicho kimeundwa kwa asidi amino tatu tu: glaisini, histidini na laisini. Mnyororo mfupi wa asidi amino ndio unaoitwa peptidi. Peptidi hii, kwa kifupi GHK, ina tabia ya kuishika shaba kwa nguvu, na ikishaishika huitwa GHK-Cu. Cu ni alama ya shaba katika kemia, kama wanafunzi wetu wa sekondari wanavyojua.

Shaba si mgeni mwilini. Ngozi yetu inashikiliwa na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni na elastini. Ili nyuzi hizo zishikane zenyewe kwa zenyewe na kuwa imara, kinahitajika kimeng'enya kiitwacho laisili oksidesi, nacho hakifanyi kazi bila shaba. Basi mtu anapopata jeraha na mwili ukaanza kufuma nyama mpya, shaba ina nafasi yake katika ufumaji huo. Isitoshe, herufi hizo tatu za GHK zimo ndani ya kolajeni yenyewe, kwa hiyo wataalamu wanaona kwamba kolajeni inapochanika mahali pa jeraha, vipande vyake huenda vikawa ishara ya kuziamsha chembe za karibu zianze kazi ya kujenga upya.

Mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa, akiwemo François-Xavier Maquart, walionyesha kwamba chembe za ngozi zilizokuzwa maabara zilitengeneza kolajeni zaidi zilipopewa GHK-Cu. Na Pickart ameandika kwamba kiasi cha GHK katika damu hupungua kwa umri: kama nanogramu 200 kwa mililita kwa kijana wa miaka 20, na kama 80 kwa mtu wa miaka 60.

Hayo yote tunayakubali. Tunachokikataa ni kuruka kutoka katika kisahani cha maabara hadi katika mguu wa bibi, kana kwamba baina ya hivyo viwili hakuna kitu.

BAINA YA MAABARA NA MGUU WA BIBI KUNA NINI?

Kuna majaribio kwa wagonjwa. Hapo ndipo muuzaji hapendi kufika, kwa hiyo sisi tutamfikisha.

Mwaka 1992 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 86 wenye vidonda vya miguu vinavyotokana na udhaifu wa mishipa ya vena. Waligawanywa makundi matatu: wengine walipakwa krimu yenye peptidi ya shaba, wengine krimu ya silva salfadayazini inayojulikana hospitalini kwa kutibu majeraha ya moto, na wengine krimu tupu isiyo na dawa. Baada ya wiki nne, vidonda vya waliopakwa silva vilipungua kwa wastani wa asilimia 44. Vya waliopakwa krimu tupu vilipungua kwa asilimia 22.5. Na vya waliopakwa peptidi ya shaba? Asilimia 18.7. Yaani peptidi haikuishinda hata krimu tupu.

Muuzaji akiwa msomi kidogo atasema: "Lakini kuna jaribio la 1994 la wagonjwa wa kisukari, nalo lilifanikiwa!" Naam, lipo, na hatulifichi. Katika jaribio hilo la jeli ya GHK-Cu, vidonda vya unyayo vya waliopata jeli yenye shaba vilifunga kwa kipimo cha kati cha asilimia 98.5 ya eneo lake, dhidi ya asilimia 60.8 kwa waliopata jeli tupu. Walioambukizwa walikuwa asilimia 7 dhidi ya 34. Ni matokeo mazuri.

Lakini tunamwomba msomaji atazame wagonjwa wale walifanyiwa nini kabla na wakati wa kupaka jeli. Nyama iliyokufa iliondolewa kwa kisu na mtaalamu. Bendeji ilibadilishwa kila siku. Jeli ilipimwa kwa kipimo maalumu. Walipewa viatu vya kuondoa uzito juu ya kidonda. Walifundishwa namna ya kujitunza. Hivyo hata wale waliopata jeli tupu walikuwa wakihudumiwa vizuri, na ndiyo maana vidonda vyao navyo vilifunga kwa zaidi ya nusu. Muuzaji wa kichupa anachukua asilimia 98.5 na kuacha kisu, bendeji, viatu na mafunzo. Huyo amenukuu nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyobeba mgonjwa.

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu jaribio hilo, na jeli ile haikupata kuwa dawa iliyoidhinishwa ya kuponya kidonda cha kisukari. Hapo mtu asituambie "madaktari wanaificha kwa sababu ni ya asili". Mwaka 1997, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha jeli nyingine kwa kazi hiyo hiyo, iitwayo becaplermin, ambayo nayo imetokana na kitu kilichomo mwilini mwetu. Mlango ulikuwa wazi. Aliyeleta ushahidi wa kutosha aliingia. Tena haikuishia hapo. Mwaka 2008 jeli hiyo ilibandikwa onyo kali kwa kuhofiwa vifo vya saratani kwa waliotumia mirija mingi, na mwaka 2018, baada ya takwimu zaidi kuchunguzwa, onyo hilo kali likaondolewa. Hivyo ndivyo dawa inavyofuatiliwa: inapimwa, inaonywa, inapimwa tena. Kichupa cha buluu kinachopita mkono kwa mkono nani anakifuatilia?

NA USO JE?

Tumesema mtu na uso wake, lakini tukiwa tumefika hapa tuseme kweli yote. Mwaka 2002 yalitangazwa katika mkutano wa madaktari wa ngozi Marekani matokeo ya wanawake 71 waliopaka krimu ya GHK-Cu kwa wiki 12, na ngozi zao zikaripotiwa kuwa na makunyanzi machache na unene zaidi. Mwaka 2006 likachapishwa jaribio dogo la wagonjwa 13 waliochomwa ngozi ya uso kwa leza ili ijifume upya. Waliopakwa peptidi ya shaba hawakutofautiana na wenzao kwa wekundu, kwa makunyanzi wala kwa ubora wa ngozi, walipopimwa na watazamaji. Ila wao wenyewe walisema wameridhika zaidi.

Tunawaomba wasomaji wakumbuke jambo hilo. Ngozi haikutofautiana, lakini mwenye ngozi aliridhika. Ndiyo maana ushuhuda wa dada fulani kwamba "mimi imenisaidia" si uongo wake, na wala si ushahidi. Dada anasema anachohisi, na anahisi kweli. Lakini mwenye duka anapokusanya hisia kumi za namna hiyo na kuzibandika kama dalili ya tiba, yeye anajua anachokifanya.

Pia ngozi nzima ni ukuta. Imeumbwa kuzuia vitu visiingie, na vitu vinavyopenda maji, kama peptidi hii iliyoshika shaba, hupata taabu kupenya tabaka lake la juu. Kipimo kilichofanya kazi juu ya chembe zilizo wazi katika kisahani hakiwi kimefika ndani kwa sababu tu kimepakwa juu.

HOJA ZA WAUZAJI NA MAJIBU YETU

Hoja ya kwanza: "Tazama rangi yake ya buluu, hiyo ndiyo shaba."

Rangi ya buluu inaonyesha kwamba pengine kuna shaba. Haionyeshi kwamba kuna peptidi. Wazee wetu wanaujua mrututu, ule unga wa buluu uliokuwa ukipakwa kwenye vidonda tangu zamani. Mrututu ni salfeti ya shaba. Ni buluu kuliko kichupa chochote, nao unababua nyama na ni sumu ukinywewa. Mtu akikoroga mrututu kidogo sana katika maji na glisirini, ataipata rangi hiyo hiyo ya kuvutia, na kwa macho hutaweza kutofautisha. Maabara ndiyo inayotofautisha, na muuzaji wa mtaani hana cheti cha maabara.

Hoja ya pili: "Shaba inaua vijidudu, kwa hiyo inakausha kidonda."

Ni kweli kwamba uso wa madini ya shaba unaua bakteria. Mwaka 2008 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilisajili aloi za shaba kwa sifa hiyo, na baadhi ya hospitali zimeweka vitasa vya shaba. Lakini kitasa ni madini yenyewe, na peptidi imebeba chembe chache za shaba zilizoshikwa imara. Kuchukua sifa ya kitasa na kuipa seramu ni kama kusema kwa kuwa moto unaivisha wali, basi picha ya moto nayo itaivisha.

Hoja ya tatu: "Ni ya asili, imo mwilini, haiwezi kudhuru."

Sukari nayo imo mwilini, na ndiyo inayomuua mgonjwa wa kisukari inapozidi. Shaba yenyewe, kwa watu wenye maradhi ya kurithi yaitwayo ugonjwa wa Wilson, hujikusanya kwenye ini na ubongo na kuleta madhara makubwa. Kitu kuwepo mwilini hakukipi ruhusa ya kuingizwa mwilini kwa kiasi chochote na kwa njia yoyote.

Hoja ya nne: "Mwili wako una upungufu wa shaba."

Mtu mzima anahitaji kama miligramu 0.9 za shaba kwa siku. Kiasi hicho kinapatikana katika ini, karanga, korosho, ufuta, maharage na kunde. Upungufu wa shaba upo, lakini ni nadra, na hugunduliwa kwa kipimo cha damu. Muuzaji aliyeugundua kwa kukutazama shavu amekusoma mfuko.

Hoja ya tano: "Imeandikwa halali."

Hii inatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa ni sisi inayotungwa kwa ajili yetu. GHK inayotumika katika bidhaa hizi hutengenezwa maabara kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine. Si lazima itoke kwa mnyama. Swali la nguruwe lina nafasi yake katika kolajeni na jelatini, ambazo mara nyingi hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na huko ni haki kuuliza. Lakini neno halali juu ya chupa linajibu swali la asili ya kitu. Halijibu swali kama kitu hicho kinafanya kazi inayodaiwa. Kama madai yake ni ya uongo, basi kuna ghushi, na ghushi katika biashara imeharamishwa kwetu hata kama kinachouzwa ni maji ya mvua. Anayetumia nembo ya dini kufunika madai asiyoweza kuyathibitisha ameongeza kosa juu ya kosa.

KABATI MOJA, MAPISHI MAWILI

Ipo dalili nyingine ya kwamba wengi wa wauzaji hawa hawajui wanachokiuza. Tazameni kabati lao. Pembeni ya kichupa cha shaba utaikuta sabuni ya kojiki na krimu za kung'arisha rangi.

Rangi ya ngozi yetu hutengenezwa na kimeng'enya kiitwacho tairosinesi. Kimeng'enya hicho nacho kinafanya kazi kwa shaba. Asidi ya kojiki huizuia rangi kwa kuishika shaba iliyomo katika kimeng'enya hicho. Haidrokwinoni nayo inakizuia kimeng'enya hicho hicho. Basi duka moja, kwa mteja mmoja, asubuhi linamuuzia shaba kwa ajili ya ngozi na jioni linamuuzia kitu cha kuinyang'anya ngozi shaba yake. Hatusemi kwamba seramu ya shaba itamfanya mtu awe mweusi zaidi; hakuna dalili ya hilo. Tunasema kwamba anayeuza vyote viwili kwa kiapo kile kile hana elimu ya hata kimoja.

Na katika kabati hilo zimo hatari kubwa kuliko kichupa cha buluu. Baadhi ya krimu za mkorogo zimekutwa na zebaki, ambayo huharibu figo na neva, na nyingine zina steroidi kali ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba na majeraha yake kupona polepole. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kutumika 2017, umezilenga bidhaa za urembo zenye zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama ziliamua kwamba ifikapo 2025 zisitengenezwe wala kuuzwa kabisa, hata zenye kiasi kidogo. Ndugu zetu wa Rwanda wanakumbuka msako wa mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, polisi walipopita madukani kukusanya mikorogo. Mwenye ngozi iliyochunwa na steroidi kisha akauziwa peptidi ya "kuirekebisha", ameuziwa maradhi na tiba na mkono ule ule.

SINDANO: HAPA TUNASEMA HAPANA BILA MASHARTI

Kuna jambo jipya lililoingia kupitia simu za vijana wetu. Ni vichupa vya unga wa GHK-Cu vya kuchanganya na maji na kujidunga chini ya ngozi. Vingi huandikwa "kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu". Mwandishi wa maneno hayo anajikinga na sheria, na muuzaji wa mtaani anayabandua au anayasoma kwa lugha isiyoeleweka.

Mwaka 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiweka GHK-Cu ya sindano katika orodha ya vitu vinavyotia wasiwasi wa usalama kwa maduka ya dawa yanayochanganya dawa yenyewe. Nayo ni nchi ambayo peptidi hii ilizaliwa. Sindano inaupita ule ukuta wa ngozi tulioutaja; uchafu wowote uliomo ndani ya kichupa unaingia mwilini pamoja nayo. Na makala ile ya kwanza ya 1973 ilisema, katika kichwa chake, kwamba kitu hiki kinazirefushia uhai chembe za kawaida za ini na kuchochea ukuaji katika ini lenye uvimbe. Hatusemi kwamba kinaleta saratani, kwani hilo halijathibitishwa, na zipo tafiti za maabara zinazoelekea upande mwingine. Tunasema kitu chenye uwezo wa kuamsha ukuaji hakichezewi na kijana wa chuo chumbani kwake kwa sindano aliyoagiza mtandaoni.

KIDONDA CHA KISUKARI KINATAKA NINI?

Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba katika kanda yake ya Afrika kuna watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajijui. Kwa hiyo katika jamaa zetu wapo waliolala nacho bila kukipima.

Kisukari cha muda mrefu huua neva za miguu. Mgonjwa anaingia ganzi. Anakanyaga msumari, au kandambili inamkata, na hasikii. Wakati huo huo mishipa ya damu inaziba, na damu inayoleta chakula na kinga inafika kidogo. Kila anaposimama, uzito wa mwili wote unakandamiza pale pale penye kidonda. Hebu fikirini: tone la seramu litafanya nini kwa mishipa iliyoziba? Litapunguza vipi uzito wa mwili? Litaishusha vipi sukari?

Kinachotakiwa kinajulikana, na kwa sehemu kubwa si cha anasa:

1. Kuondoa uzito juu ya kidonda: kupumzisha mguu, kutumia magongo, au kiatu na plasta maalumu atakayoelekeza mtaalamu.

2. Kusafisha kidonda na kuondoa nyama iliyokufa kwa mkono wa aliyefundishwa, na kukifunga kwa gozi na bendeji safi.

3. Kutibu maambukizi mapema. Usaha, harufu, wekundu unaopanda juu, weusi wa kidole, au homa: siku hiyo hiyo hospitali, hata kama ni usiku.

4. Kupima damu inayofika mguuni, kwani mishipa ikiwa imeziba huenda ikahitaji kufunguliwa.

5. Kudhibiti sukari kwa dawa na chakula.

Hapa wapo watakaouliza juu ya asali, maana kwetu ina heshima yake. Tunajibu kwa insafu ile ile. Kwa majeraha ya moto yasiyo ya kina kirefu, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalionyesha asali iliharakisha kupona kwa siku nne hadi tano kuliko baadhi ya bendeji za kawaida. Lakini kwa kidonda cha mguu wa kisukari, mwongozo wa kimataifa wa 2023 wa wataalamu wa miguu ya kisukari haukushauri itumike kwa lengo la kuponya. Ikiwa asali tunayoipenda tumeipima kwa mizani hiyo, kwa nini kichupa cha buluu kisipimwe?

Na kwa ambaye hana kidonda bado: mtazame miguu mzazi wako kila siku. Sisi ni watu wa kutawadha. Miguu inaoshwa mara tano kwa siku. Basi ikioshwa itazamwe unyayo, ikaushwe baina ya vidole, na asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Maji yakiwa ya moto, yapimwe kwanza na mwenye mkono usio na ganzi. Kijana anayemfanyia bibi yake hivyo amemfaa kuliko yule aliyemnunulia chupa na kuondoka.

TUNACHOKITAKA

Kwa wazazi na vijana: kabla ya kutoa pesa, muulizeni muuzaji maswali manne. Kiasi gani cha GHK-Cu kimo ndani? Nani aliyetengeneza na lini itaharibika? Imesajiliwa na mamlaka ya dawa au ya viwango ya nchi yetu? Na kama ni ya kidonda, ilijaribiwa kwa wagonjwa gani? Akijibu kwa kukuonyesha picha za kabla na baada, hajajibu.

Kwa dada zetu wanaoziuza kwa riziki: hatutaki kuwafungia mlango wa biashara. Uzeni krimu ya uso kwa jina la krimu ya uso, kwa bei iliyo wazi, na mseme kwamba matokeo yake ni madogo na hayana uhakika. Lakini neno "kidonda" litoeni katika matangazo yenu leo. Mkijiwa na mtu mwenye kidonda kisichopona kwa wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya. Riziki mtakayoikosa kwa mteja huyo ni ndogo kuliko dhima mtakayoibeba.

Kwa kamati za misikiti, madrasa na vikundi vya kina mama: msiwape jukwaa wauzaji wa tiba bila kuuliza. Tangazo lililosomwa baada ya swala lina uzito ambao tangazo la barabarani halina, kwa sababu watu wanaliamini kwa ajili ya mahali liliposomwa. Uaminifu huo ni amana. Badala yake mwalikeni muuguzi mmoja aje na kipimo cha sukari. Asubuhi moja ya kupima watu uani mwa msikiti itaokoa miguu mingi kuliko katoni nzima ya vichupa.

Kwa wanafunzi wetu wa sayansi na udaktari: msituachie sisi peke yetu kazi hii. Nyinyi mnazisoma tafiti hizi kwa lugha zilizoandikwa. Zifasirini kwa Kiswahili chepesi, na mkiwa nyumbani wakati wa likizo kaeni na shangazi zenu mwaeleze, kwa adabu na bila dharau. Muuzaji amefika kwao kwa sababu anaongea lugha yao. Aliyesoma akinyamaza, uwanja ni wa aliyepayuka.

Peptidi ya shaba ilianza safari yake kwa swali la kweli juu ya namna mwili unavyojitengeneza. Huenda siku moja, kwa majaribio makubwa na ya haki, ikapata nafasi yake katika kutibu majeraha. Siku hiyo ikifika tutaiandika hapa hapa kwa furaha. Mpaka wakati huo, aliye na kidonda apelekwe kwa anayetibu vidonda.

Wa billahi tawfiiq.